Maji Yarudiyo Nyuma na Cheti cha Asiyepima



Wasomaji wetu wapendwa, kina mama na kina baba, juma hili tumeletewa swali na mama mmoja wa Mkwiro, nasi tumeona tulijibu hapa hadharani kwa kuwa jibu lake lawagusa wengi. Mwanawe ni mwangalizi wa nyumba ya wageni huko Diani. Mwenye nyumba anaishi ng'ambo, na huko aliko kampuni ya maji humtaka kila mwaka athibitishe kwamba ile vali inayozuia maji yasirudi nyuma katika bomba la mji imepimwa na mtu mwenye cheti cha kazi hiyo. Basi akamwandikia kijana kwamba na nyumba ya Diani ipimwe vivyo hivyo, na karatasi imfikie kabla ya mwisho wa mwezi. Kijana akazunguka Ukunda akiuliza, hata akakutana na fundi aliyemwambia kwamba vifaa vya kupimia hana, lakini karatasi yenye muhuri anaweza kuitoa siku hiyo hiyo, tena kwa bei iliyo chini ya kazi yenyewe.

Mama atuuliza mambo mawili. La kwanza, je, mwanawe aichukue karatasi hiyo, ilhali asipoipeleka huenda akapoteza kazi, na kazi hiyo ndiyo inayolisha nyumba nzima? La pili, je, maneno haya ya vali yatuhusu sisi watu wa kisiwani, ambao kilio chetu tangu enzi za mababu ni kuyapata maji yaje, wala si kuyazuia yasirudi?

Jibu la swali la kwanza ni kwamba asiichukue. Jibu la pili ni kwamba yatuhusu, na pengine yatuhusu sisi zaidi kuliko huyo mwenye nyumba wa ng'ambo. Lakini jibu lisilo na maelezo halimsaidii mwenye shida, kwa hivyo tutaanza na jambo lenyewe lilivyo, kisha namna ya kumtafuta mpimaji wa kweli, kisha hukumu ya karatasi ya uongo, na mwisho tutarejea Mkwiro.

Sote tumezoea kwamba mtu akifungua mfereji maji yanatoka. Yanatoka kwa sababu yana msukumo nyuma yake, ama wa pampu, ama wa tangi lililoinuliwa juu. Msukumo huo ukiondoka, maji hayana ahadi na mtu yeyote, yatakwenda yanakovutwa. Vijana wetu wa boti walijua hili bila ya kufundishwa darasani. Wakitaka kuhamisha petroli kutoka mtungi hadi tangi la mashine, huingiza ncha moja ya mpira ndani ya mtungi, hunyonya kidogo ncha ya pili, wakaishusha chini, na mafuta yakafuata yenyewe mpaka mtungi ukaisha. Hakuna pampu hapo wala nguvu ya mkono. Ni utupu wa ndani ya mpira na uzito wa mafuta yenyewe.

Bomba la maji la mji hufanya vile vile. Maji yakikatwa kwa ajili ya mgao, au bomba kubwa likipasuka mahali pa chini, maji yaliyobaki huteremka, na nyuma yake huacha utupu unaonyonya. Ikiwa nyumba fulani imeacha mpira wa kumwagilia maua ndani ya ndoo yenye dawa ya wadudu, bomba litainyonya ile dawa. Ikiwa mpira umelala katika dimbwi karibu na shimo la choo, bomba litalinyonya dimbwi. Kisha maji ya mgao yatakaporudi, kitu cha kwanza kusukumwa katika mifereji ya majirani ni kile kilichonyonywa. Na ipo njia ya pili, ambayo haihitaji utupu. Mtu mwenye kisima na pampu yake akiunganisha bomba la kisima na bomba la mji bila ya kizuizi, pampu yake ikishinda msukumo wa mji, maji ya kisima yataingia kwa majirani wote, yawe ya chumvi, yawe machafu.

Mambo haya yamewahi kutokea. Mwaka 1969 katika chuo cha Holy Cross, mji wa Worcester nchini Marekani, wachezaji wa timu ya chuo walikunywa maji ya mfereji ulio karibu na uwanja wa mazoezi. Zima moto walikuwa wakivuta maji mengi kuzima nyumba iliyoungua mjini, msukumo ukaanguka, na bomba la uwanjani likanyonya maji yaliyotuama katika kishimo cha mfereji wa kumwagilia nyasi, mahali walipokuwa wakicheza watoto wenye homa ya ini. Katika wachezaji na wasaidizi wao 97, waliopatikana na maradhi walikuwa 90, na timu ikaacha mashindano ya mwaka ule. Na mwishoni mwa Novemba mwaka 2007, katika mji wa Nokia nchini Ufini, vali iliyounganisha bomba la maji taka yaliyosafishwa na bomba la maji ya kunywa iliachwa wazi, na zaidi ya watu 8,000 wakaugua matumbo. Hizo ni nchi zenye mali, zenye wahandisi na maabara. Vali moja iliwashinda.

Sasa tujipime sisi. Katika nchi ambazo maji hutoka usiku na mchana mwaka mzima, utupu wa bomba ni ajali ya nadra. Kwetu pwani, ambako mgao ni jambo la kila juma katika mitaa mingi, bomba hubaki tupu, hujaa, hubaki tupu tena. Kila mara linapobaki tupu linakuwa ni ule mpira wa petroli mdomoni mwa kijana. Diani na Ukunda zategemea kwa kiasi kikubwa visima vilivyochimbwa Tiwi, na mbali na hivyo nyumba nyingi za wageni zina visima vyao, pampu zao, matangi yao, bustani zao na mabwawa yao ya kuogelea. Kila kimoja katika hivyo ni mlango unaoweza kurudisha kisichotakiwa.

Ndiyo maana ikatengenezwa vali ya kuzuia maji kurudi. Iko ya namna nyingi, na mwenye kutafuta mpimaji lazima kwanza ajue nyumba yake ina ipi. Iliyo duni ni ile yenye kilango kimoja tu ndani, ambacho maji hukisukuma yakienda mbele na hukifunga yakitaka kurudi. Hii ndiyo mafundi wengi huiweka kwenye pampu. Yafaa, lakini haina mahali pa kupimia, na punje ya mchanga au ukoko mweupe wa chokaa, ule ule unaouona ndani ya birika lako la chai, hutosha kukizuia kilango kisifunge. Yenye daraja ya juu zaidi ina vilango viwili, kimoja baada ya kingine, ili kimoja kikishindwa cha pili kishike. Na ya juu kabisa ina vilango viwili na baina yake pana tundu la kutolea. Kilango kikivuja, maji yanamwagwa nje chini ya macho ya watu badala ya kurudi ndani kwa siri. Hizi mbili za mwisho zina vibomba vidogo vya kupimia ubavuni, aghalabu vitatu au vinne. Ukiviona vibomba hivyo, jua hiyo ni vali inayopimika. Usipoviona, huna haja ya kumtafuta mpimaji wa geji. Unahitaji fundi wa kuifungua, kuisafisha, na kukushauri kama yatosha kwa hatari iliyopo.

Huko Marekani, Kanada na Uingereza, kupima vali hizi ni fani yenye mafunzo yake na mtihani wake. Mpimaji hupewa cheti chenye muda, na vali za daraja ya juu hupimwa angalau mara moja kwa mwaka. Huku kwetu kazi hii haijazoeleka kuwa fani ya peke yake, na si ajabu kijana wetu alizunguka asione ubao ulioandikwa jina lake. Hata hivyo njia za kumpata mtu anayeijua zipo, nasi tutazitaja kwa utaratibu.

Kwanza, aende kwa kampuni ya maji ya kaunti, Kwale Water and Sewerage Company. Hao ndio wenye bomba linalolindwa, kwa hivyo wao wana haki na haja ya kujua kilichounganishwa nalo. Aulize kwa maandishi: je, mnawatambua mafundi gani kufanya kazi katika maunganisho ya wateja wenu, na katika hao nani ana geji ya kupimia vali za kuzuia maji kurudi? Swali la maandishi hupata jibu la maandishi, na jibu hilo, hata likiwa kwamba hawana orodha, ni kitu cha kumpelekea mwenye nyumba.

Pili, aulize wasimamizi wa matengenezo katika hoteli kubwa za ufuo. Hoteli zina majiko, madobi, mabwawa na mashine za kuchemshia maji, na aghalabu zina vali za daraja ya juu. Mtu anayezihudumia vali hizo huenda akatoka Mombasa au Nairobi kwa zamu, na safari moja yaweza kuhudumia nyumba nyingi. Waangalizi wa nyumba tano au sita wakishirikiana, gharama ya safari hugawanyika. Vijana wetu wa Mkwiro na Shimoni walio katika kazi hizi wanajuana. Basi kujuana kwao na kuwe na faida.

Tatu, aulize waliouza vali yenyewe. Jina la mtengenezaji, ukubwa na nambari huwa vimechongwa ubavuni au vimeandikwa kwenye kibati. Muuzaji wa mashine za maji mara nyingi humjua fundi aliyefunzwa na mtengenezaji.

Nne, aulize afisa wa afya ya umma wa eneo lake. Afisa huyu hapimi vali, lakini ndiye mwenye jukumu la usalama wa maji machoni pa sheria, na anajua ni wapi sampuli ya maji hupelekwa kupimwa. Ifahamike kwamba kupima vali na kupima maji ni mambo mawili. Kupima maji kwakuambia maji ya leo yakoje. Kupima vali kwakuambia kama yataweza kuchafuliwa kesho.

Akishampata mtu, asimwulize bei kabla ya kumwuliza ujuzi. Amwulize: umefunzwa wapi kupima vali, na cheti chako kimetolewa na nani, lini? Fundi wa mifereji wa hapa Kenya anaweza kuwa na daraja ya mtihani wa ufundi wa NITA, ambazo ni tatu, ya kwanza ikiwa ndiyo ya juu. Hiyo ni dalili njema ya ufundi wa mabomba, ila si dalili ya kwamba anajua kupima vali hizi. Hilo lataka mafunzo zaidi. Amwulize kisha: geji yako iko wapi, nayo yenyewe ilihakikishwa usahihi wake lini? Kwa kawaida geji huhakikishwa kila mwaka, kama mizani ya dukani inavyohakikishwa na watu wa vipimo. Mpimaji wa kweli hufurahi akiulizwa maswali haya. Asiyekuwa wa kweli hukasirika.

Tena wakubaliane ujira mapema, na ujira uwe ni wa kupima, si wa kupasisha. Atalipwa vile vile vali ikifaulu na ikianguka. Ujira ukifungamanishwa na matokeo, matokeo yamekwisha kununuliwa. Na gharama ya kutengeneza, ikiwa vali imeanguka, itajwe peke yake baada ya kipimo, ili mtu asije akaambiwa vali ni mbovu kwa sababu tu mpimaji anauza vipuri.

Siku ya kupima, mwangalizi awepo na atazame. Maji ya nyumba yatafungwa kwa muda, kwa hivyo watu wa jikoni waarifiwe wateke mapema. Mpimaji atafunga mfereji ulio baada ya vali, ataunganisha mipira ya geji katika vile vibomba vidogo, atatoa hewa, kisha atasoma kilango cha kwanza, kilango cha pili, na pale penye tundu la kutolea ataangalia linafunguka kwa kiasi gani. Hakuna namna ya kufanya hayo kwa kuitazama vali kutoka mlangoni. Karatasi itakayoandikwa iwe na tarehe, mahali vali ilipo, jina la mtengenezaji, ukubwa na nambari, kiasi kilichosomwa kwa kila kilango, hukumu ya kufaulu au kuanguka, nambari ya geji, na jina na sahihi ya aliyepima. Karatasi iliyoandikwa neno moja tu, kwamba vali ni nzima, haimfai mtu.

Sasa tuje kwenye ile karatasi ya muhuri. Baadhi ya watu husema: ni karatasi tu, mwenye nyumba yuko mbali, vali pengine ni nzima, na kijana ana mama wa kulisha. Sisi twasema cheti ni ushahidi. Aliyetia sahihi anasema mbele ya Mola wake na mbele ya watu: nimeona, nimepima, nimekuta hivi. Akiwa hakuona wala hakupima, hiyo ni shahada ya uongo, nayo imehesabiwa na Mtume wetu (s.a.w.) katika madhambi makubwa kabisa, pamoja na kumshirikisha Mwenyezi Mungu na kuwaasi wazazi. Wala haigeuki kuwa kweli vali ikitokea kuwa nzima, kwa sababu uongo wake hauko katika vali, uko katika neno "nimepima".

Na mnakijua kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni akakuta rundo la nafaka. Juu lilikuwa kavu, zuri la kupendeza. Hakutosheka na juu. Aliingiza mkono wake ndani, vidole vikapata unyevu. Alipomwuliza mwenye nafaka, akajibu kwamba ilinyeshewa na mvua. Akamkemea kwa kuificha ile yenye maji chini, ambapo watu hawaioni, na akabainisha kwamba mwenye kudanganya hayuko pamoja naye. Wengi hukisoma kisa hiki wakamwona mdanganyifu peke yake. Sisi twawaomba wasomaji wauone na ule mkono. Kuingiza mkono ndani ndiko kupima. Geji ya mpimaji ni mkono ulioingizwa katika rundo, na anayetoa cheti bila ya geji amelisifu rundo kwa ukavu wa juu.

Tena tufikirie ni nani atakayedhurika. Mwenye nyumba hayuko. Hatakunywa maji yale. Watakaoyanywa ni wageni, na watakaoyapata yakirudi katika bomba ni majirani: mama mwenye kibanda cha chakula, watoto wa chuoni, mgonjwa aliye kitandani. Pwani yetu yaijua homa ya matumbo, na yakijua kipindupindu. Mlipuko ulioanza hapa Kenya mwezi wa Oktoba 2022 ulienea kaunti baada ya kaunti, na maradhi hayo hayaombi ruhusa ya muhuri.

Kwa hivyo twamshauri kijana wetu amwandikie mwenye nyumba barua ya heshima na ya ukweli. Amwambie: "Nimeipiga picha vali yako na kibati chake. Nimeuliza kwa kampuni ya maji, kwa hoteli na kwa muuzaji, na majibu yao ni haya. Mpimaji mwenye cheti na geji aweza kupatikana kwa gharama hii na siku hii. Nimepewa na karatasi ya bei rahisi bila ya kupimwa, nami sikuitaka, kwa kuwa ni nyumba yako na ni maji ya watu." Tena aombe muda wa wiki kadhaa. Mtu anayelipa mwangalizi ili nyumba yake isiibiwe hana sababu ya kumfukuza kwa kukataa kumdanganya. Na akimfukuza, basi rizki haikuwa mikononi mwake tangu mwanzo. Hatusemi hivyo kwa wepesi. Twajua uzito wa mwezi usio na mshahara. Ila twajua pia kwamba kijana aliyetoa cheti cha uongo mara moja huwa mateka wa yule fundi kila mwaka, na siku ya maradhi jina litakalotafutwa ni lake.

Mama yetu, sasa twaja Mkwiro. Kisiwa cha Wasini ni mwamba wa matumbawe, hakina mto. Kwa vizazi tumeishi kwa maji ya mvua yanayokingwa katika majabia na matangi, na kwa mitungi inayovushwa kwa chombo kutoka Shimoni. Anayejua bei ya maji na uzito wake ni mwanamke, kwa kuwa ndiye anayeyapanga: haya ya kunywa, haya ya kupikia, haya ya kutawadhia, haya ya kufulia. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na maji ni katika kazi zilizokabidhiwa kaunti. Lakini haki hiyo haimlindi mtu na mpira wake mwenyewe. Popote bomba linapofika, na popote tangi linapounganishwa na mfereji, maji yaweza kurudi.

Habari njema ni kwamba kinga iliyo bora kuliko vali zote haihitaji mpimaji wala cheti, na wazee wetu walikuwa nayo. Ni nafasi ya hewa. Mfereji ukiwa juu ya ukingo wa tangi au birika, usiguse maji hata yajaapo, hakuna utupu utakaoweza kuyanyonya, kwa sababu utanyonya hewa. Mafundi wameweka kipimo: nafasi hiyo iwe angalau mara mbili ya upana wa mdomo wa bomba, wala isipungue inchi moja. Kwa jicho la mama, nafasi ya vidole viwili vilivyolala ndiyo ya chini kabisa, na kiganja kizima ni bora zaidi. Kata iliyotundikwa ukutani na mtungi uliofunikwa vilikuwa na hekima hiyo hiyo, na Mtume wetu (s.a.w.) alituusia tufunike vyombo vyetu.

Basi jioni moja mama azunguke nyumba yake. Atazame kama bomba linaloleta maji limezamishwa ndani ya tangi au birika. Kama limezama, likatwe na kuinuliwa juu. Atazame mpira wa kufulia: usiachwe ndani ya beseni wala chini, uning'inizwe. Atazame kile kipira cha kujisafishia chooni, maana hicho ndicho kilicho karibu zaidi na najisi: kisiachwe ndani ya ndoo, kiwe na mahali pake ukutani, na mfereji wake ufungwe kila baada ya matumizi. Atazame kama pampu ya kisima imeunganishwa na bomba la maji ya kunywa; mabomba hayo yatenganishwe kabisa, kila moja na tangi lake. Na atazame jabia kama lina ufa, maana mwamba wetu una nyufa nyingi, na kilicho katika shimo la choo cha jirani chaweza kulifikia. Maji yakirudi baada ya mgao, ayaache ya mwanzo yamwagike mpaka yang'ae, naye ayatumie kwa mimea. Ya kunywa ayachemshe mpaka yatokote sawasawa, au ayatie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Kamati za misikiti nazo zisijione ziko nje. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, maji yaliyotuama yasiyofika kulateni, ambayo ni kiasi cha ratili 500 za Baghdadi, nayo kwa lita ni 200 na ushei, hunajisika kwa kuingiwa na najisi hata kama rangi, ladha na harufu hazikubadilika. Yaliyofika kulateni hayanajisiki mpaka kimojawapo kibadilike. Hivyo tangi dogo la lita 100 juu ya choo cha msikiti ni dhaifu kwa hukumu kuliko birika kubwa la zamani, na kipira kilichozama katika ndoo ya chooni si jambo la mafundi peke yao. Ni jambo la udhu wa safu nzima. Hata hivyo tusiingie katika wasiwasi. Yakini haiondolewi na shaka, na maji ya mfereji asili yake ni tohara mpaka ijulikane vinginevyo. Kinachotakiwa ni kuziba njia, si kushuku kila tone.

Wala mtu asichanganye tohara na usalama wa kunywa. Sisi tumezungukwa na ushahidi wa hilo pande zote nne: maji ya bahari yatohirisha, na mwenye kiu akiyanywa yatamwangamiza. Maji ya jabia yaweza kuwa tahiri kwa udhu na yakamlaza mtoto kwa matumbo. Fakihi atakuambia la kwanza; la pili waulizwe wenye ujuzi wake, kama tulivyoamrishwa kuwauliza wajuao katika tusilolijua. Ndiyo sababu tukasema mpimaji wa kweli atafutwe, hata ikiwa ni kwa nauli ya Mombasa.

Tuna ombi moja kwa vijana wetu wa ufundi. Kazi hii ya kupima ina haja kubwa pwani nzima, na wenye kuijua ni wachache. Kijana mwenye daraja ya mifereji akijifunza kutumia geji na akawa na uaminifu, atakuwa na kazi kutoka Msambweni hadi Diani, naye atakuwa analinda maji ya watu. Hiyo ni biashara yenye thawabu ndani yake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie maji yenye manufaa, ndimi zenye kusema kweli, na mikono inayopima kabla ya kutia sahihi. Mama yetu wa Mkwiro, twakuombea mwanao afunguliwe mlango ulio bora kuliko anaouhofia kufungwa.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.